Mchanga wa Kusafishia Kinu

Kwetu bondeni hakuna mawe. Ukitaka kumtishia mbwa unaokota bonge la udongo, na mafiga ya jikoni yanachongwa kutoka kwenye kichuguu. Mtoto wa Rufiji anaweza kukua, akaoa na akazaa bila kushika jiwe lolote zaidi ya lile la kunolea panga. Kwa hiyo niliporudi nyumbani na shahada ya elimu ya miamba, ndugu zangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba mdogo aliniuliza kama huko chuoni hawakuwa na somo la matope, maana hayo tunayo ya kutosha. Nilikasirika siku ile. Nilikuwa mtu wa kukasirika upesi, na sijabadilika sana.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, serikali ilipoiachia biashara. Chama cha ushirika kilikuwa kimekufa bila matanga, korosho ananunua yeyote mwenye lori, na pale Kibiti ghala la ushirika lilikuwa limebaki na popo na magunia yaliyotafunwa na panya. Kampuni moja ya kigeni ikapata kibali cha kutafuta madini upande wa Ngarambe, ikalikodi ghala lile liwe kambi yake. Kaka yangu alikuwa kuli wa ghala tangu ushirika ungali hai, na ushirika ulipokufa alibaki na funguo kwa sababu hakuna aliyekuja kuzidai. Kampuni ilimkuta mlangoni, ikamchukua pamoja na jengo. Mimi nilikuwa bado nasoma. Nilipomaliza na kuajiriwa na kampuni hiyohiyo, niwe msaidizi wa mkuu wa kambi, nilimkuta kaka ana misimu kadhaa kwenye kinu cha kusagia mawe.

Kaka alikuwa mwadhini wa msikiti wetu mdogo. Sauti yake ilikuwa inafika barabara kuu, na madereva wa malori ya magogo waliokuwa wanalala pale walisema inawaamsha hata wasiosali. Alikuwa mtu wa twahara kupita kiasi. Kanzu yake haikuwa na doa, kucha zake fupi, na akishika kitu cha mtu alikirudisha kikiwa safi kuliko alivyopewa. Mkewe alikuwa akimtania kwamba angeoa bomba la maji, wangeelewana zaidi.

Kazi ya kambi ile nataka niieleze, kwa sababu bila hiyo kilichompata kaka hakieleweki. Upande wa Ngarambe, ndani ya miamba ya mchanga, kuna mikanda ya mawe meusi ambayo zamani sana yalikuwa uji wa moto uliopanda kutoka chini. Mkuu wa kambi, mtaalamu wa volkano kutoka ng'ambo, alitaka kujua mawe yale ni ya ukoo gani. Volkano zina koo zake. Kuna uji unaopanda pale nchi inapochanika, kuna unaopanda pale bamba moja la dunia linapozama chini ya jingine, na kuna unaotoka kina kirefu katikati ya bara. Madini ya thamani hufuatana na koo fulani na kuzikimbia nyingine. Ukijua ukoo, unajua kama uendelee kuchimba au ufunge mizigo.

Jiwe jipya mtu anaweza kulisoma kwa vile vitu vilivyomo kwa wingi. Jiwe letu halisomeki hivyo. Joto na mvua vimelioza. Maji yamepita ndani yake miaka isiyohesabika, yakachukua sodiamu, yakachukua potasiamu, yakachukua kalsiamu, na kilichobaki kinaweza kufanana na kitu chochote. Ukilipima kwa vitu vyake vingi litakudanganya mchana kweupe. Lakini ndani ya jiwe hilohilo kuna elementi chache ambazo maji hayaziwezi: titani, zirkoni, niobi, itri. Zimo kidogo sana, chembe chache katika chembe milioni, lakini hazihami. Unazipima hizo, unachora pembetatu, kila pembe unaipa elementi yake, na kila jiwe linakuwa nukta moja ndani ya pembetatu hiyo. Mahali nukta inapoangukia ndipo ukoo wake ulipo.

Niliipenda elimu hiyo, na naipenda hadi leo pamoja na yote. Ilinifaa mtu kama mimi, niliyekulia mahali ambapo kila mmoja anajua habari za mwenzake kwa kumtazama tu. Huku kwenye mawe sura haikuwa na kazi. Jiwe likiwa jeusi, jekundu au limekuwa udongo mikononi, unaliuliza kile kidogo lilichokataa kukiachia.

Tatizo ni kwamba ukipima kitu kidogo namna ile, uchafu kidogo nao unakuwa mkubwa. Kinu kilikuwa bakuli zito la chuma lenye gurudumu ndani yake, linatikiswa na mota ya jenereta mpaka jiwe linakuwa unga laini kama poda. Ukimaliza jiwe moja lazima ukisafishe kabla ya jingine, na kinasafishwa kwa kusaga konzi ya mchanga mweupe, unamwaga, unafuta, ndipo unaendelea. Penginepo mchanga huo unanunuliwa kwa maboksi, umekwisha kupimwa usafi wake. Mkuu wa kambi aliona ni kichekesho kuagiza mchanga ng'ambo na kuuleta Rufiji. Akatuma gari mtoni, likarudi na mchanga wetu, mweupe unaometa juani, ukamwagwa kwenye kona ya ghala.

Kaka hakuona ajabu yoyote. Nani kwetu angeona? Sufuria zetu zote zimesuguliwa kwa mchanga wa mto. Mama alisugua hivyo, na bibi kabla yake, na sheria ilikuwa inajulikana na kila mtoto: masizi yakikataa kutoka, ongeza mchanga.

Sampuli zilikuwa zinapelekwa maabara ya ng'ambo, na majibu yanarudi Dar kwa faksi, kisha yanaletwa Kibiti na gari la mahitaji. Majibu yalipoanza kuja, nukta hazikukaa pamoja. Nukta za jiwe lililokatwa hapa na jingine lililokatwa hatua chache kutoka hapo zilianguka mbalimbali, na karibu zote zilikuwa zinatambaa kuelekea pembe ya zirkoni. Mkuu wa kambi alizitazama, akasema mtu wa kinu ni mchafu. Alisema mbele ya wafanyakazi wote, uwanjani, na mpishi akatafsiri kwa wasioelewa.

Hakuna neno ambalo lingeweza kumuuma kaka kuliko hilo. Tusi la mama angelisamehe haraka zaidi. Aliambiwa asafishe kwa mchanga si mara moja kati ya jiwe na jiwe, bali tena na tena, na asitumie maji kwa sababu unga ukiloa unaganda. Madirisha ya ghala yakazibwa kwa karatasi za plastiki ili vumbi la barabarani lisiingie, na mlango ukawa unafungwa. Kaka alitii, tena kwa bidii ya mtu aliyekasirika. Alisaga mchanga asubuhi mpaka alasiri ndani ya jengo lililozibwa, amejifunga kanga ya mkewe puani. Akitoka pale alikuwa mweupe mwili mzima, kope na ndevu, na watoto wa jirani walimkimbilia kwa vicheko. Mimi wakati mwingi nilikuwa porini Ngarambe na nyundo yangu, narudi Kibiti kwa siku chache kisha natoka tena. Nilimwona hivyo nikacheka na watoto.

Majibu yakaja mabaya zaidi. Mchanga ukaongezwa.

Nilichokosa kukiona ofisini nilikiona mtoni. Gari letu lilikuwa linasubiri kivuko, nami nikashuka nikakaa ukingoni kwenye mchanga. Maji yalikuwa yameshuka, na pale yalipoachia yalikuwa yamechora mistari myeusi, myembamba myembamba, juu ya mchanga mweupe. Nimeiona mistari ile tangu utoto. Tulikuwa tunaikusanya kwenye kiganja na kusema ni baruti. Safari hii niliitazama kama mtu aliyesoma. Mto unatoka mbali, unabeba chembe za nchi nzima, na zile nzito unaziangusha pamoja ukingoni. Chembe nzito nyeusi ni za chuma na titani. Chembe nzito nyingine, zisizo na rangi, ndizo zirkoni yenyewe, na hizo zimejificha ndani ya ule mweupe. Tulikuwa tunasafishia kinu kwa kitu kilekile tulichokuwa tunakitafuta ndani ya mawe. Kila kaka alivyozidi kusugua, ndivyo alivyozidi kukichafua kinu, na ndivyo alivyozidi kuitwa mchafu.

Nilirudi kambini nikamweleza mkuu. Akasema usagwe mchanga mtupu, bila jiwe, upelekwe ukapimwe. Aliyeusaga ni kaka. Majibu yalikuja kama nilivyosema, na mkuu akanipigapiga begani kwa furaha ya kweli, kwa kuwa sasa alijua namna ya kusahihisha namba zake. Aliagiza mchanga wa maboksi. Kuhusu kaka alisema kwamba sasa kazi yake itakuwa nyepesi. Lile neno alilolisema uwanjani hakulifuta, wala mpishi hakuitwa kutafsiri lolote. Nilimchukia mtu yule, na sioni sababu ya kuacha.

Wakati huo kaka alikuwa ameanza kukohoa. Kikohozi kikavu, cha kuvizia, kinachomkatisha katikati ya maneno. Kwanza aliacha kupanda ngazi ya ghala bila kupumzika, halafu adhana ikawa inakatika njiani, halafu akaadhini mtu mwingine. Alikonda. Zahanati walisema ni kifua kikuu, wakamchoma sindano mpaka makalio yakawa magumu, na hakuna kilichopungua isipokuwa nyama mwilini mwake.

Hapo watu wakampangia ugonjwa. Alikuwa anakohoa, amekonda, ana homa za jioni, amefanya kazi na wageni, amepanda gari la kampuni kwenda Dar akalala huko. Vitu vyote vikubwa vya kuonekana kwa macho vilikuwepo, na katika miaka ile vilikuwa na jibu moja tu. Hakuna aliyelitamka mbele yetu. Mkewe alikuwa akiuza vitumbua asubuhi. Vikaanza kurudi na sinia vyote. Kwenye baraza la kahawa kikombe alichokinywea kaka kiliwekwa kando, juu ya dirisha, na siku iliyofuata kilikuwa palepale kikimngoja yeye. Kaka alikiona, akanywa, akashukuru. Mimi nilitaka kukivunja.

Nilimpeleka Dar kwenye hospitali kubwa. Daktari alipima damu, akakuta haina lile walilokuwa wanalinong'ona. Akaishika picha ya mapafu mbele ya dirisha, akaitazama muda mrefu, kisha akauliza mgonjwa anafanya kazi gani. Nilipomwambia, alikaa chini. Alisema ameyaona haya kwa watu wa migodini: mchanga uliosagwa umeingia mapafuni, umeyafanya kovu, nao hautoki wala hauna dawa. Kaka alimuuliza jambo moja tu, kama anaweza kuja Kibiti kuyasema hayo mbele ya watu. Daktari akacheka, si kwa ubaya, akasema ana wagonjwa wengi.

Tulipokuwa tunarudi, gari likasimama kupoza injini, kaka akaniambia anachokitaka.

"Vumbi nimelikubali," alisema. "Ila nisioshwe na mifuko ya nailoni. Nataka nioshwe kama mtu."

Asiyeishi miaka ile hajui uzito wa maneno hayo. Waliokufa kwa ugonjwa ule, au waliodhaniwa, waosha wao walijifunga mifuko ya nailoni mikononi, kamba kwenye vifundo, wakamwaga maji kwa mbali na kumaliza upesi. Kila mtu alikuwa ameona, na kila mtu alijua maana yake. Na kaka, aliyeishi kwa udhu, josho la mwisho kwake halikuwa jambo dogo. Mimi peke yangu nisingeweza. Sikuujua utaratibu wala mikono yangu haikuwa na mazoea. Katika upande wetu mwosha wanaume alikuwa baba mdogo. Ombi la kaka lilikuwa ni la kwake, na kaka alikuwa na haya ya kulisema, akaniachia mimi.

Nilimwendea baba mdogo shambani kwake njia ya Mbwara, nikakaa naye kibandani. Nilimweleza kinu, mchanga, madirisha yaliyozibwa, picha ile dirishani na damu iliyokutwa salama. Nilimweleza hata mawe: kwamba jiwe likioza linafanana na kila kitu, na anayelisoma kwa sura anakosea ukoo wake. Alisikiliza yote akichambua kamba za ukindu. Alikuwa mtu wa mzaha siku zote, lakini siku hiyo hakutania.

"Mie sikusoma, mwanangu," alisema mwishowe. "Naona mtu amekonda. Nawe jambo hili unalijua, au unalitaka?"

Nikamjibu kwamba nalijua. Aliendelea na kamba zake. Hakusema ndiyo wala hapana, akanipa mihogo ya kumpelekea mgonjwa. Niliondoka nimejaa hasira, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kwamba ukiwa na ushahidi watu wanakubali.

Kampuni ilifunga kambi kabla ya masika. Mchanga wa maboksi ulipokuja nukta zilikaa mahali pamoja, vizuri kabisa, na mawe yale yakaonekana ni ya ukoo wa kawaida usio na utajiri wowote. Wakafungasha. Kinu kilibebwa, jenereta ikabebwa, plastiki za madirishani zikaachwa zikipigapiga upepo. Mkuu wa kambi aliniachia nyundo yake kama zawadi. Nimeiuza.

Kaka alifariki mchana, mvua ikinyesha, ameketi, kwa sababu kulala alikuwa hawezi tena. Mkewe alikuwa amemwegemeza kifuani pake. Alikuwa anavuta pumzi ndogo ndogo, kisha akaacha. Nililia kama mtoto, na nilikuwa bado nalia wanaume walipoanza kufika na kuzungushia mikeka uani mahali pa kuoshea.

Baba mdogo alifika na binamu yetu mmoja wa kumsaidia. Nilipoingia nyuma ya mikeka niliwakuta wote wawili wamekwisha kujifunga mifuko mikononi. Ilikuwa mifuko ya nailoni ya dukani, imekazwa kwa kamba kwenye vifundo. Kaka alikuwa juu ya kitanda cha kamba, amefunikwa shuka, na shuka lenyewe lilikuwa haliinuki hata kidogo kifuani.

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi. Nilisema tu, "Baba, nilikwambia alichokiomba."

Binamu alitazama chini. Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye paa la makuti. Baba mdogo akapeleka mkono mdomoni, akaifungua kamba kwa meno, akauvua mfuko mmoja, akauvua na wa pili, akaitupa nje ya mikeka. Binamu akatoka, akaiokota, hakurudi. Baba mdogo akanyanyua mikono ya shati na kuniambia nimwage maji taratibu, nianze kuume.

Alimwosha kama anavyoosha wengine wote. Alimkamua tumbo polepole kwa kiganja. Alipitisha vidole katikati ya vidole vyake, nyuma ya masikio, kwenye kope. Chini ya kucha bado kulikuwa na rangi ya kijivu, ule unga wa mawe, miezi yote ile baadaye, naye aliutoa kwa kijiti, ukucha kwa ukucha, bila haraka. Mwishowe akamwagia maji ya kafuri. Nilikuwa namwaga maji, na nilimpenda baba mdogo siku ile kuliko nilivyopata kumpenda mtu.

Tulizika alasiri, na siku ya hitma walikuja watu wengi. Uani kulikuwa na mikeka mirefu, wali ukapakuliwa kwenye masinia, kila sinia wanaume wanne au watano. Mimi nilikuwa napita na birika na bakuli kuwanawisha watu. Sinia la baba mdogo siku zote lilikuwa linagombewa, maana aliyekaa naye alikula huku anacheka. Siku hiyo alikaa, akawekewa sinia, akanawa. Hakuna aliyekwenda. Watu walibanana kwenye masinia mengine mpaka wengine wakala wamechuchumaa, mkono mmoja nyuma ya mgongo wa jirani. Aliyefika kwa kuchelewa alilitazama sinia lile lenye mtu mmoja, akasema ameshiba.

Baba mdogo hakuanza kula. Alikuwa ameuweka mkono wa kulia juu ya goti, umeloa, anangoja.

Niliweka birika chini nikakaa mbele yake. Alisogeza sinia kidogo upande wangu. Kisha akainama, akaniuliza kwa sauti ambayo wa mkeka wa pili hawakuisikia.

"Sasa niambie kweli. Lilikuwa vumbi?"

Ndipo nilipojua kwamba mifuko ile aliivua bila kuniamini.

"Lilikuwa vumbi, Baba."

"Haya," alisema, akapeleka mkono kwenye wali. "Kula, mwanangu. Sinia kubwa hili, wawili hatulimalizi."